Nani Atakayetuchumia Tukizeeka?

Msimu uliopita, siku moja baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tukipita mashamba ya upande wa Kaskazini kutazama majamvi ya kuanikia. Katika shamba moja tulimkuta juu ya mkarafuu mzee ambaye sote twamheshimu, mwanachama wa siku nyingi, na umri wake umekwisha pita miaka 70. Tukamwamkia shikamoo, naye akaitika kutoka huko huko juu, "Marahaba wanangu, msisimame hapo chini, tawi hili bovu." Tukangoja mpaka akashuka na pakacha lake. Tulidhani anachuma karafuu zake, kwani shamba lile twalijua ni lake, alilirithi kwa baba yake. Kumbe sivyo. Karafuu zile alikwisha ziuza zamani, zingali changa juu ya mti, kwa mtu wa mjini, ili apate fedha za kumwozesha binti yake. Sasa alikuwa akizichuma kwa ujira wa pishi, kibarua katika mikarafuu yake mwenyewe, apate kupunguza deni la dukani.

Hatuandiki khabari hii kwa kumwaibisha mtu. Mwenyewe ametupa ruhusa tuiandike bila ya jina lake, na akasema kwamba angaliambiwa maneno haya alipokuwa na miaka 40 huenda angaliyasikia, na huenda asingaliyasikia. Lakini tangu siku ile neno hili halikututoka moyoni, na kwa kuwa mkutano wetu mkuu unakaribia, na katika mkutano huo litakuja shauri ambalo baadhi ya wanachama wamekwisha anza kulipinga kabla ya kulisoma, tumeona ni wajibu wetu kulieleza hapa kwa urefu.

Shauri lenyewe ni juu ya uzee wetu. Barazani twazungumza bei, mvua, magendo na siasa, na kila mtu ana lake la kusema. Juu ya nani atakayetulisha siku magoti yatakapokataa kupanda mti, hapo kila mtu hutazama kikombe chake cha kahawa.

Mtazameni karani wa Serikali. Tangu mwezi wake wa kwanza kazini, sehemu ya mshahara wake hukatwa na tajiri wake naye huongeza yake, zote zikapelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, huo ZSSF ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Akifika miaka 60 hupewa kiinua mgongo, na kila mwezi pensheni. Karani huyu si mwerevu kuliko sisi, wala hana subira kutushinda. Fedha ile huwekwa kabla hajaigusa, basi. Lau angalipewa mshahara wake wote mkononi akaambiwa ajiwekee mwenyewe, tunao makarani majirani zetu na twawajua. Sisi wakulima tajiri wetu ni mkarafuu, nao haumkatii mtu akamwekea. Hukaa kimya, khalafu siku moja humwaga fedha zote kwa pamoja, tena katika mwezi ule ule ambao kila mwenye harusi, mwenye deni na mwenye duka la vitambaa anajua kuwa tumelipwa.

Hebu tufanye hesabu kama tulivyofunzwa skuli. Tuchukue mwanachama mwenye mikarafuu 60 inayozaa. Mwaka wa neema tuseme kila mti umempa kilo 5 za karafuu kavu, yaani kilo 300. Bei tuichukue shilingi 14,000 kwa kilo, ambayo ilidumu miaka mingi kwa karafuu za daraja la kwanza. Bei ya msimu huu kila mtu aitazame mwenyewe kituoni. Hapo atapokea shilingi 4,200,000. Thuluthi moja itoke kwa wachumaji, palizi, magunia na gari. Zabaki 2,800,000. Lakini hakuna asiyejua kuwa mkarafuu hauzai hivyo kila mwaka. Ukizaa sana leo hupumzika, na mavuno makubwa yaja baada ya miaka mitatu au minne. Tuseme miaka miwili ifuatayo yampa kilo 40 tu kila mmoja. Hizo ni shilingi 560,000, na baada ya gharama ni kama 373,000. Tukijumlisha miaka yote mitatu twapata shilingi 3,546,000. Tugawe kwa miezi 36. Jawabu ni shilingi 98,500 kwa mwezi.

Basi huyo ndiye yeye. Siku ile akitoka kituoni na milioni nne mfukoni hujiona tajiri, na watu humwona hivyo, na hutoa kama tajiri. Kwa hakika ni mtu wa mshahara wa shilingi 98,500 kwa mwezi aliyelipwa miezi mingi kwa mkupuo, na katika hizo hajaweka hata senti ya uzeeni. Tumewafanyia wanachama kadhaa hesabu hii ofisini, kila mmoja kwa mikarafuu yake, na hatujaona hata mmoja aliyefurahi. Mmoja alituuliza kama tumekosea kugawa. Tukarudia, ikawa vile vile.

Hapo ndipo inapozaliwa biashara ya kuuza karafuu juu ya mti. Mwaka wa neema fedha zimekwisha kwa miezi minane, na mwaka wa njaa umeingia. Mtu hana la kuuza ila mavuno yasiyokuwapo bado. Mnunuzi huja na fedha taslimu, hutazama maua, hutaja bei ambayo yeye mwenyewe ajua ni nusu au chini ya nusu ya thamani, na mwenye shamba hukubali kwa sababu mtoto ni mgonjwa, au ada imedaiwa, au harusi imekwisha tangazwa. Wazee wetu walikuwa na jina la bei khiyari kwa biashara za namna hii, mtu akiuza shamba kwa sharti la kulirejesha akilipa, na asipolipa limekwenda. Na madeni ya namna hiyo yalikuwa makubwa kisiwani kwetu katika miaka ya 1930 hata Serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria za kuyazuia. Sheria zilikuja zikapita. Mapinduzi yakaja mwaka 1964, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Lakini ile haja ya fedha katikati ya misimu haikupewa mtu eka tatu, imebaki pale pale, na maadamu ipo, mnunuzi wa mjini hatakosa njia ya kuja shambani.

Ndiyo maana twasema kuwa mtu anayetaka uzee wa raha asianze na uzee. Aanze na ule mwaka wa pili baada ya mavuno makubwa. Akiweza kuuvuka bila ya kuuza ua juu ya mti, huyo amekwisha shinda nusu ya vita. Mwenyezi Mungu ametusimulia kisa cha Nabii Yusuf na ile miaka saba ya neema na saba ya ukame, na kila mmoja wetu alikisoma chuoni akakililia pale alipotupwa kisimani. Ile sehemu ya ghala twaipita haraka.

Sasa tuje kwenye maneno tunayoyasikia. La kwanza ni kuwa watoto ndio pensheni ya mtu. Neno hili lina haki yake na hatulipuuzi, kwani kuwatunza wazazi ni faradhi. Lakini watazameni watoto wetu. Mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Mombasa, mmoja amekwenda Muscat, na aliyebaki hapa ana watoto watano na shamba lile lile tunalolitegemea sisi. Kila mmoja ana kodi ya nyumba na ada ya skuli. Hutuma wanapopata, na mzee hula kila siku. Tena kuna jambo ambalo wazee hawalisemi mbele ya vijana: si raha kuomba. Mzee aliyezoea kutoa mkono wa Idi kwa wajukuu, akifika pahala pa kungoja apewe yeye, huanza kukaa ndani. Tumewaona wasiokuja barazani kwa sababu hawana ya kununulia wenzao kahawa, na watu wakadhani wanaumwa.

La pili ni kuwa rizki ni ya Mungu. Ni kweli, wala hatutajadiliana hapo. Ila mtu mwenye kusema hivi hupalilia shamba lake, wala hangoji majani yang'oke wenyewe.

La tatu ni kuwa Serikali inatoa pensheni jamii kwa wazee wote. Hili twataka kulitazama vizuri, kwa sababu ni neema, na vilevile kwa sababu limewalaza wengine usingizi. Pensheni hii ilianza Aprili 2016 kwa kila Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70, awe alikuwa karani, mvuvi au mkulima, tajiri au maskini. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa ikafika 50,000. Nchi nyingi zenye fedha kuliko sisi hazina jambo kama hilo. Lakini itazameni ile namba 70. Magoti hayangoji 70. Mchumaji wa karafuu akifika 60 huwa amekwisha anza kuomba watu wampandie miti ya nyuma ya nyumba, na wengine walianguka wakiwa na 45 na mgongo haukurudi tena kama ulivyokuwa. Basi kati ya siku mtu anayoshindwa kupanda na siku atakayoandikwa pensheni jamii kuna miaka kumi, na kwa wengine zaidi. Miaka hiyo kumi haina mwenyewe. Huo ndio muongo ambao wazee wetu huuza mashamba, na mtu akifika 70 akiwa hana shamba, shilingi 50,000 hazimtoshi, na akifika akiwa nalo humsaidia vizuri.

Na kwa yule atakayefika huko, atengeneze karatasi zake mapema. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani, na mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa. Tunaye mwanachama ambaye kwa karatasi ni mdogo kwa mdogo wake. Tulicheka sana siku ile ofisini, lakini kwake si kichekesho, kwani mdogo wake atapokea kabla yake.

Tukirudi kwa mwanachama wetu wa mikarafuu 60: tuseme ana miaka 36, na katika kila mavuno, makubwa na madogo, anatoa sudusi moja, yaani sehemu moja katika sita, kabla ya kufanya lolote. Kwa miaka mitatu itakuwa shilingi 591,000. Akifika 60 itakuwa imepita mizunguko minane, nayo ni shilingi 4,728,000. Akizigawa kwa miezi 120 ya ule muongo usio na mwenyewe atapata shilingi 39,400 kila mwezi. Si nyingi. Lakini ni za kwake, hakuziomba kwa mtu, wala hakuuza mti. Na asisahau kuwa fedha ikikaa mwaka mzima nayo imefika nisabu, hutoka zaka yake, moja katika arubaini.

Tena kuna mashaka, nasi hatutayaficha. Shilingi haikai mahali pamoja. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8; ilipofika 1990 ilikuwa inakaribia 200. Mtu aliyeweka noti katika kasha kwa miaka ile kumi alifungua akakuta noti zile zile, ila kilichobadilika ni dukani. Kwa hiyo hatumwambii mtu aweke akiba yake yote katika fedha. Sehemu iwe fedha, kwa sababu ugonjwa haungoji kuuza ng'ombe. Sehemu nyingine iwe katika kitu kinachokua chenyewe, na kitu hicho kwetu ni mti.

Hapa twataka kukaa kidogo. Mche wa mkarafuu ukipandwa leo huanza kutoa maua katika mwaka wa sita mpaka wa nane, huzaa kwa nguvu ukifika kama miaka 20, na huweza kuzaa zaidi ya miaka 60. Umri huu umelingana na umri wa mtu kwa namna ya ajabu. Mwenye miaka 36 akipanda miche 10 kila mwaka kwa miaka 6, atakapofika 60 ile ya kwanza itakuwa na miaka 24 na ya mwisho 19. Yote itakuwa katika nguvu zake siku yeye zake zimekwisha. Tena mti kijana ni mfupi, matawi yake yako karibu, mjukuu hufikia baadhi yake kwa kusimama chini. Ile mirefu ya babu zetu, ambayo kupanda kwake ni kamba na roho mkononi, wachumaji wa siku hizi huikataa au hutaka ujira mkubwa, na ikiwa imechoka kuzaa, ujira hula karafuu zote. Mzee mwenye mikarafuu kijana hupata wa kumchumia, kwa sababu mti wenyewe unaweza kumlipa. Mzee mwenye mikarafuu ya zamani peke yake hupanda mwenyewe, kama tulivyoona.

Tunajua jawabu la wengi: tumepanda, ikafa. Kweli imekufa mingi. Serikali imekuwa ikitoa miche bure kwa miaka kadhaa, na tumeona mtu akichukua miche 50 kwa kuwa ni bure, akaipanda siku moja katika jua kali, bila ya kivuli, na asirudi kuitazama mpaka mwaka mwingine. Mche wa mkarafuu ni kama mtoto mchanga. Wataka kivuli cha mgomba au muhogo, wataka maji katika kiangazi cha mwanzo na cha pili, na mbuzi wafungwe. Ndiyo tukasema miche 10. Kumi hubebwa maji na mtu mmoja na ndoo moja.

Walakini hata miti yote isiwe mikarafuu. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na Pemba ikasalimika kwa bahati. Katika miaka ya 1980 dhoruba nyingine ilitujia bila ya upepo: Indonesia, ambayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe hata ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaanguka. Waliokuwa na minazi, mdalasini na ng'ombe waliumia. Waliokuwa na mikarafuu tu waliikata wakafanya makaa, na wengine waling'oa wakapanda muhogo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, bei ya mkulima ilipopandishwa sana, walikuwa wakitazama mashina.

Sasa tuna neno juu ya wake zetu, na hili huenda likatuletea lawama, nasi tuko tayari. Ni nani anayechambua karafuu usiku kwa taa mpaka vidole vikawa vyeusi? Nani anayeanua majamvi wingu likitanda, na kuanika tena likipita? Nani anayekusanya makonyo? Katika hesabu yetu ya hapo juu tumetoa ujira wa wachumaji, hatukutoa ujira wake, kwa sababu hakuna anayeutoa. Kisha mume akifa, sharia imempa mjane thumuni moja ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Hiyo ni hukumu ya Mwenyezi Mungu na ndiyo haki. Lakini thumuni ya mikarafuu 60 ni mikarafuu saba na nusu, na kama wake walikuwa wawili huigawana hiyo hiyo. Mwanamke aliyechambua karafuu za miti 60 kwa miaka 40 atazeeka kwa mikarafuu mitatu au minne.

Sharia hiyo hiyo haikumzuia mume kumpa mkewe chake angali hai. Wosia kwa mrithi hauswihi mpaka warithi wengine waridhie, lakini hiba inaswihi, kwa sharti itolewe kweli na ipokewe kweli, mtu angali mzima, mbele ya mashahidi. Asiyejua namna yake amwulize Kadhi. Na kuliko hiba kuna lililo jepesi zaidi: katika ile miche 10 ya kila mwaka, miwili ipandwe kuwa mali yake tangu siku ya kwanza, ajue yeye na wajue watoto. Baadhi ya wenzetu wameogopa kuwa mke akiwa na mali yake atakuwa na kiburi. Sisi tumeona wanawake wa pwani waliokuwa na fedha zao za mwani, na hatukuona nyumba zao zikivunjika kwa sababu hiyo. Waume zao walipunguza kukopa.

Basi tufike kwenye shauri la mkutano. Kamati yapendekeza kuwa kila mwanachama anayetaka, kwa khiari yake, aandike kwamba katika kila mauzo yake sudusi moja isimfikie mkononi. Fedha hiyo iende katika akaunti ya jina lake mwenyewe, asiitoe mpaka afike miaka 60, ila kwa ugonjwa mkubwa au kwa kuokoa shamba lisiuzwe. Asiyetaka faida ya riba, Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma ya Kiislamu iitwayo Ikhlas. Na mwenye kutaka kujiunga na ule mpango wa khiari wa ZSSF, ambao umewekwa kwa watu kama sisi wasioajiriwa, chama kitamwongoza kwenda kuuliza masharti yake.

Wanaolipinga wasema: chama kitakula fedha zetu. Hatuwezi kuwakasirikia. Watu wa kisiwa hiki wamekatwa mengi kwa majina mengi, na wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo mkulima alipata kipande kidogo tu cha bei iliyolipwa ng'ambo, na alipouliza aliambiwa kuwa fedha zake zinamjengea nchi. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka hana kosa akiruka ukambaa. Ndiyo maana katika shauri hili chama hakishiki hata senti moja. Hakuna sanduku la chama, hakuna saini ya katibu. Kazi ya chama ni kuandika daftari, kumkumbusha mtu siku ya mauzo, na kumwonea haya akitaka kurudi nyuma. Haya hiyo ndiyo yote tunayoweza kuitoa, na kwa uzoefu wetu ina nguvu: mtu huweza kuidanganya nafsi yake miaka 20, lakini ni vigumu kuwadanganya wenzake kumi wanaojua kilo zake.

Wengine wasema sudusi ni nyingi. Huenda. Mwenye mikarafuu 15 na watoto wanane sudusi kwake ni chakula, na hatumwambii awanyime watoto. Aanze na kilo moja katika kila ishirini, na aongeze miche. Wengine, na hawa ni vijana kama sisi ambao hatujafika 40, wasema uzee uko mbali. Kwao hatuna jawabu ila ile hesabu ya mche.

Wako pia wanaotaka kwanza wapeleke mavuno makubwa yajayo katika Hija. Mwenyezi Mungu awakubalie. Ila aulize mtu kabla hajalipa nauli: deni langu nimelimaliza, na niliowaacha nyumbani watakula nini mpaka nirudi, na nikirudi mwaka wa njaa nitauza nini? Hija imefaradhishwa kwa anayeweza, na aliyewekea sudusi miaka kumi huenda akawa anayeweza kweli.

Daftari la kujiandikisha liko ofisini tangu wiki hii. Ofisi hufunguliwa Jumatano na Jumamosi baada ya Alasiri. Kila mtu aje na risiti zake za mauzo za miaka mitatu, tumfanyie hesabu yake mwenyewe, si ile yetu ya mikarafuu 60. Asiyesoma aje na mjukuu wake, na mwenye mke aje naye. Na yule ambaye karafuu zake za msimu ujao amekwisha ziuza juu ya mti asione haya kuja. Kwake tutaanza na deni.